Kufuatilia maji ya ardhini pale petroli ilipovuja

Tangi lililovuja limefukuliwa, udongo uliolowa umebebwa, shimo limefukiwa. Kilichobaki hakionekani kwa macho: petroli iliyonasa kati ya chembe za udongo karibu na uso wa maji ya ardhini, ikiendelea kuyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji yanayopita, pengine kwa miaka mingi. Ufuatiliaji upo ili kujibu maswali matatu. Uchafu unaelekea wapi na kwa kasi gani? Unapungua au unasambaa? Je, kuna mtu anayekunywa maji yaliyo mbele yake?

Cheti kimoja cha maabara hakijibu hata swali moja kati ya hayo, hata kiwe sahihi namna gani. Majibu hutoka kwenye mfululizo wa vipimo vilivyochukuliwa kisima kilekile, kina kilekile, kwa njia ileile, na kando ya kila kipimo pameandikwa kina cha maji cha siku hiyo. Ulinganifu huo ukivunjika, namba zikipanda au kushuka hutajua kama maji ndiyo yamebadilika au ni mchotaji.

Unachotafuta ndani ya maji

Petroli ina mamia ya kemikali, lakini chache ndizo zinazoamua hatari. Nne za kwanza ni benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni, ambazo kwa pamoja huitwa BTEX. Benzeni ndiyo ya kutazamwa kabla ya zote, kwa sababu husababisha saratani ya damu na huyeyuka kwenye maji kuliko wenzake watatu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za benzeni kwa lita, 700 za tolueni, 300 za ethilibenzeni na 500 za zaileni. Marekani imeweka benzeni kwenye 5, na Umoja wa Ulaya kwenye 1. Fuata kiwango cha nchi ulipo, kisha iulize maabara, kabla hujachota chochote, kiwango cha chini kabisa inachoweza kugundua. Maabara isiyoona chini ya mikrogramu 20 itakuandikia "haikuonekana" kwenye maji ambayo hayafai kunywewa.

Usitegemee pua wala ulimi. Benzeni huanza kunukia ndani ya maji ikiwa imeshapita kiwango salama mara nyingi sana, na watu wengi wameendelea kunywa kwa sababu tu maji "hayana harufu".

Ongeza MTBE kwenye orodha kama petroli iliyovuja ilikuwa na kiongezi hicho. Huyeyuka sana, haishikwi na udongo, na vijidudu huivunja polepole, kwa hiyo hutangulia mbele ya benzeni. Kisima cha mbali kinaweza kuonyesha MTBE peke yake muda mrefu kabla BTEX hazijafika. Ikiwa kituo kilifanya kazi zama za petroli yenye risasi, pima pia risasi yenyewe pamoja na EDB (dibromoethani) na 1,2-dikloroethani, ambazo ziliwekwa kwenye petroli ya aina hiyo. EDB ina sumu kwa kiasi kidogo mno: kikomo cha Marekani ni mikrogramu 0.05 kwa lita, na kipimo cha kawaida cha BTEX hakifiki huko, kwa hiyo omba njia maalumu. Petroli iliyochanganywa na ethanoli ina tabia yake: vijidudu hula ethanoli kwanza na kumaliza oksijeni yote, hivyo benzeni hubaki bila wa kuivunja na husafiri mbali zaidi.

Jumla ya mafuta, inayoandikwa TPH, inafaa kwa kutazama mwelekeo wa miaka. Isitumike kuamua kama maji ni salama, kwa sababu haitenganishi benzeni na visivyo na madhara makubwa.

Visima vya uchunguzi

Visima vitatu ndicho kima cha chini, navyo visikae kwenye mstari mmoja, maana mwelekeo wa maji haupatikani kwa pointi mbili. Kwa mahali palipovuja kweli, vitatu havitoshi. Weka kimoja upande maji yanakotoka, kwenye ardhi safi, kionyeshe maji yalivyo kabla ya kufika kwenye uchafu. Weka kimoja au viwili penye chanzo, vingine upande maji yanakoelekea na pembeni mwa mkondo kulia na kushoto, kisha kimoja cha ulinzi kati ya ncha ya mkondo wa uchafu na kisima cha kwanza cha watu. Umbali wa hicho cha ulinzi hupangwa kwa muda, si kwa nafasi iliyopatikana. Kama maji hutembea mita 30 kwa mwaka na kuleta maji mbadala kunachukua mwaka mzima, kisima kilicho mita 10 kabla ya kile cha kunywea hakilindi mtu.

Tumia bomba la PVC la milimita 50 lenye maungio ya kuzungusha kwa nyuzi. Gundi ya PVC isitumike kabisa: viyeyusho vyake hutoka kwenye majibu ya maabara kwa miezi. Vilevile usipake grisi kwenye nyuzi za vyuma vya kuchimbia.

Sehemu ya bomba yenye nafasi za kupitisha maji, yaani chujio, ndiyo inayokosewa zaidi. Petroli huelea. Chujio lote likiwa chini ya uso wa maji, petroli inayoelea haitaingia kisimani hata iwe nene, na ripoti itasema hakuna. Chujio la mita 3 hivi likatize uso wa maji, juu yake likizidi kwa takriban mita 1 kiwango cha juu kabisa cha msimu wa mvua, na chini yake likibaki majini wakati wa kiangazi kikali. Usilifanye refu kwa kujihami: chujio la mita 9 huchanganya maji machafu ya juu na maji safi ya chini, na benzeni inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ukihitaji kujua hali ya chini, chimba kando kisima cha pili chenye chujio fupi la kina hicho.

Nafasi za milimita 0.25 zinafaa kwenye udongo wa mchanga laini. Zunguka chujio kwa mchanga safi uliochekechwa, ufike nusu mita juu ya chujio, kisha bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) isiyopungua sentimita 60. Imwagie maji na uiache ivimbe kabla ya kumimina saruji hadi juu. Kizuizi hicho ndicho kinachozuia mafuta ya juu ya ardhi yasiteremke kando ya bomba moja kwa moja hadi majini. Bila hicho, kisima cha uchunguzi kinakuwa njia mpya ya uchafuzi. Malizia kwa kifuniko chenye kufuli.

Kisima kipya hutoa tope. Kisafishe kwa kupandisha na kushusha pistoni ndani ya bomba, na kuvuta maji mpaka yawe maangavu, halafu kiache kitulie wiki moja au mbili kabla ya sampuli ya kwanza. Mpima ardhi apime mwinuko wa ukingo wa bomba kwa usahihi wa milimita chache, kwenye alama uliyoikata upande mmoja wa ukingo. Vipimo vyote vya kina, kwa miaka yote, vitaanzia kwenye alama hiyo.

Kina cha maji na petroli inayoelea

Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na ndani ya bomba lililofungwa kiwango hicho hufikiwa kirahisi. Fungua kifuniko ukiwa upande upepo unakotoka, bila kuinamia, na pasiwe na sigara, injini wala simu karibu ya mdomo wa kisima. Kipimo cha gesi kisomwe mdomoni kabla ya kazi nyingine yoyote.

Fungua visima vyote kwanza, visubiri dakika 15 hadi 30. Kifuniko kisichopitisha hewa hushikilia mgandamizo, na maji hupanda au kushuka baada ya kukiondoa. Kisha pima vyote siku hiyohiyo, ndani ya saa chache, kabla hujavuta maji kwenye kimoja. Anza na kisima safi, malizia na kichafu zaidi.

Chombo kinachofaa ni utepe wenye kihisi cha tabaka, ambacho hutoa mlio mmoja kikigusa mafuta na mwingine kikigusa maji. Soma mara mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, soma tena. Ukali huu una sababu. Kwenye visima viwili vilivyo mita 40 mbali, uso wa maji ukiwa na mteremko wa 0.005, tofauti nzima ya kina ni sentimita 20. Mtu akipima kutoka kwenye ukingo wa boksi la chuma badala ya alama ya bomba, anaweza kuongeza sentimita 8 na mshale wa mwelekeo ukageukia nyumba za watu wengine.

Kisima kikiwa na petroli inayoelea, uzito wake umeyasukuma maji chini, na kina kinahitaji kusahihishwa. Chukua mwinuko wa mpaka wa maji na mafuta, ongeza unene wa mafuta uliozidishwa kwa uzito wake ukilinganishwa na maji, ambao kwa petroli ni karibu 0.75. Mpaka ukiwa mita 96.20 na mafuta yakiwa na unene wa mita 0.40, mwinuko sahihi ni 96.20 + 0.30, yaani 96.50. Unene unaouona kisimani si unene ulio kwenye udongo, kwa hiyo usiutumie moja kwa moja kukisia lita zilizobaki. Wala usishangae petroli ikitokea kiangazi kwenye kisima kilichokuwa hakina kitu: maji yakishuka, mafuta yaliyonaswa chini ya uso wa maji huachiwa na kutiririka kisimani, maji yakipanda, hunaswa tena.

Mwelekeo hupatikana kwa karatasi na rula. Tuseme kisima A kina mwinuko wa maji wa 97.42, B 97.18 na C 97.30, na kutoka A hadi B ni mita 40. Mwinuko wa 97.30 uko katikati ya A na B, mita 20 kutoka A. Unganisha pointi hiyo na C: huo ndio mstari wa mwinuko sawa, na maji yanaukata kwa pembe mraba kuelekea upande wa B. Ikiwa umbali wa pembe mraba kutoka A hadi mstari huo ni mita 18, mteremko ni 0.12 ÷ 18, karibu 0.0067. Kasi ni upitishaji wa udongo mara mteremko, gawanya kwa uwazi wa udongo, yaani sehemu ya ujazo wake iliyo matundu. Kwa mchanga unaopitisha mita 3 kwa siku wenye uwazi wa 0.25, hiyo ni mita 0.08 kwa siku, karibu 29 kwa mwaka. MTBE itakwenda karibu na kasi hiyo. Benzeni itachelewa kwa kuwa udongo huishika kidogo.

Rudia mchoro huu kila safari. Mvua, au pampu ya jirani inayovuta maji mengi, inaweza kuugeuza mkondo, na kisima ulichokiita cha upande wa juu kikawa njiani mwa uchafu.

Kutoa maji yaliyotuama na kuchota

Maji yaliyokaa ndani ya bomba yamegusana na hewa na yamepoteza sehemu ya benzeni. Njia ninayoipendekeza ni ya kuvuta polepole: pampu ya kibofu au ya kuzamisha yenye kasi ndogo, mdomo wake katikati ya sehemu ya chujio iliyo majini, ukivuta mililita 100 hadi 500 kwa dakika. Uso wa maji usishuke zaidi ya sentimita 10 tangu ulipoanza. Ukishuka, punguza kasi.

Pitisha maji kwenye chombo kilichofungwa chenye vihisi, na usome kila dakika 3 hadi 5. Kisima kiko tayari pale masomo matatu mfululizo yanapokaa ndani ya mipaka hii: pH 0.1, upitishaji umeme asilimia 3, ORP (uwezo wa maji kuoksidisha) milivolti 10, oksijeni iliyoyeyuka asilimia 10, na tope asilimia 10 au chini ya NTU 10 (NTU ni kizio cha tope). Joto liandikwe, ila lisitumike kuamua, kwa sababu jua huupasha mpira wa maji moto. Tope lina maana kuliko linavyopewa: chembe za udongo hubeba mafuta yaliyong'ang'ania, na sampuli ya tope huonyesha uchafu ambao haumo ndani ya maji yenyewe.

Kama huna pampu ya namna hiyo, toa ujazo wa kisima mara tatu. Bomba la milimita 50 hubeba lita 1.96 kwa kila mita. Kisima chenye kina cha mita 12, maji yakianza mita 7.5, kina mita 4.5 za maji, yaani lita 8.8, kwa hiyo utatoa karibu lita 26.5. Kichoteo cha plastiki cha kutupa kishushwe taratibu hadi kiguse maji bila kupiga kishindo, kwa sababu kila mshindo huifukuza benzeni hewani. Majibu ya kichoteo na ya pampu ya polepole hayalinganishwi kwenye grafu moja. Ukibadilisha njia katikati ya mradi, tumia zote mbili kwa safari moja au mbili ili tofauti ijulikane.

Pampu zinazofyonza kutoka juu hazifai hapa kwa sababu mbili: zinashindwa kuinua maji kutoka zaidi ya mita 8 hivi, na mfyonzo wenyewe huvuta gesi nje ya maji. Mpira wa maji uwe wa tefloni au wa polithini yenye tefloni ndani. Wa silikoni hufyonza kemikali, uishie kipande kifupi tu pale pampu inapouhitaji.

Kisima chenye unene wa petroli unaopimika kisichotwe sampuli ya kupima uchafu ulioyeyuka majini. Andika unene, ondoa mafuta kama mpango unasema hivyo, funga. Tone moja la petroli ndani ya chupa hutoa namba kubwa isiyo na maana na linaweza kuchafua mashine ya maabara.

Maji yote uliyoyatoa yaingie kwenye pipa lenye lebo, yasubiri majibu. Kuyamwaga chini pembeni ya kisima ni kuyarudisha ulikoyatoa.

Chupa

Hapa ndipo mradi mzima unaweza kuharibika ndani ya sekunde chache. BTEX na MTBE huchukuliwa kwenye chupa za kioo za mililita 40 zenye kizibo cha utando wa tefloni, tatu kwa kila sampuli, zikiwa tayari na asidi ya haidrokloriki kutoka maabara. Asidi hushusha pH chini ya 2 na kuua vijidudu ambavyo vingekula benzeni njiani.

Zijaze kabla ya chupa nyingine zote, kasi ya pampu ikiwa imeteremshwa hadi mililita 100 hivi kwa dakika. Inamisha chupa, acha maji yateleze ukutani bila povu, isimamishe inapokaribia kujaa, na umalizie mpaka maji yafanye kichuguu juu ya mdomo. Funga. Igeuze kichwa chini, igonge kwa kidole, tazama. Pakiwa na kiputo, itupe na uchukue chupa nyingine, kwa sababu kuongeza maji humwaga asidi. Usiisuuze chupa kabla ya kuijaza, kwa sababu hiyohiyo.

Maji yenye chokaa nyingi hutoa mapovu yakikutana na asidi, na mapovu hayo huibeba benzeni. Jaribu kwenye chupa moja. Ikitoa mapovu, tumia chupa zisizo na asidi na uiambie maabara, maana zenye asidi zinapimwa ndani ya siku 14 na zisizo nayo ndani ya siku 7. Kama MTBE ni muhimu kwako na maabara hupasha sampuli moto, uliza kuhusu kihifadhi kingine: asidi pamoja na joto huivunja MTBE.

Weka chupa kwenye sanduku la barafu mara moja, karibu nyuzi 4 za Selsiasi, bila kuganda. Glovu za naitrili zibadilishwe kila kisima. Lebo ziandikwe kwa kalamu ya wino wa kawaida au penseli, kwa sababu kalamu nene zenye harufu zina tolueni na zaileni. Jenereta na gari zikae mbali upande upepo unakoelekea, na aliyejaza mafuta asubuhi hiyo asiguse chupa. Tolueni kidogo inayotokea ghafla kwenye kisima safi, bila benzeni, mara nyingi imetoka mkononi.

Ili kulijua hilo kwa uhakika, kila safari iwe na chupa za udhibiti. Chupa ya safari hujazwa maji safi maabara, inakwenda na kurudi ndani ya sanduku bila kufunguliwa. Chupa ya vifaa hujazwa maji safi yaliyopitishwa kwenye pampu iliyokwisha kuoshwa kwa sabuni isiyo na fosfeti na kusuuzwa. Sampuli pacha ichukuliwe moja kwa kila kumi, yenye jina la kisima kisichokuwepo ili maabara isijue. Benzeni ikionekana kwenye chupa ya safari, majibu madogo ya siku hiyo hayategemeki. Fomu ya makabidhiano isainiwe na kila aliyeshika sanduku.

Dalili kwamba maji yanajisafisha

Vijidudu vya udongoni hula petroli, na hutumia vitu kwa mpangilio: oksijeni kwanza, kisha nitrati, manganizi, chuma, salfeti, na mwisho hutengeneza methani. Ukilinganisha kisima safi na kilicho katikati ya mkondo, unatarajia oksijeni, nitrati na salfeti zishuke ndani ya mkondo, na chuma kilichoyeyuka pamoja na methani viongezeke. Pima hivi angalau mara moja kwa mwaka. Chuma kipimwe palepale kisimani kwa kisanduku cha rangi, kwa sababu hewa hukigeuza kutu ndani ya dakika.

Dalili hizi huunga mkono hoja, haziithibitishi peke yake. Ushahidi wa kwanza unabaki kuwa benzeni yenyewe inayopungua kwenye visima vya chanzo na vya mbali.

Kusoma majibu

Mwaka wa kwanza chota kila miezi mitatu ili misimu yote ionekane. Baadaye, mwelekeo ukiwa wazi, visima vya ndani vinaweza kupimwa mara mbili kwa mwaka, ila kile cha ulinzi kisipunguzwe haraka.

Chora kila kisima grafu yake, benzeni kwa kipimo cha logi (kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia) na kina cha maji kwenye grafu hiyohiyo. Bila mstari wa kina, watu husherehekea kushuka kwa benzeni ambako ni kupanda kwa maji tu, na kuogopa kupanda kunakotokana na kiangazi.

Kwa kuamua kama mwelekeo ni wa kweli, jaribio la Mann-Kendall linatosha na halihitaji programu. Chukua mfano wa safari nane za kila miezi mitatu, benzeni ikiwa kwa mikrogramu kwa lita: 840, 910, 620, 700, 480, 510, 330, 290. Linganisha kila namba na zote zinazoifuata. Inayofuata ikiwa kubwa andika +1, ikiwa ndogo −1, ikiwa sawa 0. Kuna jozi 28: tatu zinapanda, 25 zinashuka, jumla −22. Kwa safari nane, jumla ya −16 au chini inatosha kusema benzeni inapungua kwa uhakika wa asilimia 95. Safari nne ndizo kima cha chini kabisa, na hapo lazima kila namba iwe ndogo kuliko iliyotangulia, jumla ikiwa −6. Palipoandikwa "haikuonekana", weka namba moja ileile, ndogo kuliko vikomo vyote vya maabara vilivyotumika. Ukiweka kikomo chenyewe kilivyobadilika mwaka hadi mwaka, utapata mwelekeo wa maabara.

Mfano huo wa safari nane unatoa nusu-maisha, yaani muda wa benzeni kupungua kwa nusu, ya miezi 13 hivi, na kwa mwendo huo kufika mikrogramu 10 kunahitaji zaidi kidogo ya miaka mitano kutoka safari ya mwisho. Makadirio ya aina hii yarudiwe kila mwaka, kwa sababu kushuka kwa kawaida hupungua kasi mafuta rahisi kuyeyuka yanapokwisha.

Kisima cha ulinzi kikionyesha benzeni kwa mara ya kwanza, kichotwe tena ndani ya siku chache, pamoja na chupa zote za udhibiti. Ikithibitika, hatua hazisubiri ratiba.

Visima vya watu

Tembelea kila kisima cha matumizi kilicho upande maji yanakoelekea, andika kina chake, saa za pampu na wanaokitumia. Chota kwenye bomba lililo kabla ya tangi, maji yakiwa yametiririka mpaka joto lake litulie, na uondoe chujio la mdomo wa bomba. Wenye kisima wapewe majibu yao kwa maandishi, kwa lugha wanayoisoma, hata yakiwa mazuri. Ni maji yao.

Benzeni ikizidi kiwango, waambie siku hiyohiyo waache kunywa na kupikia. Klorini haiiondoi. Kuchemsha huihamisha kutoka sufuriani kwenda kwenye hewa ya jikoni, ambako wanaipumua. Chujio la kaboni huifanyia kazi BTEX likiwa na ukubwa unaofaa na likibadilishwa kwa wakati, na ni lazima maji yapimwe katikati ya machujio mawili yaliyofuatana. La kwanza likianza kupitisha, la pili bado linalinda. Kwa MTBE, kaboni huchoka mapema zaidi.

Kufunga

Mamlaka ikikubali kuwa mahali pamefikia kiwango, usikimbilie kuondoa visima. Subiri mwaka mmoja wa vipimo baada ya usafishaji wowote uliokuwa ukiendelea, kwa sababu benzeni hurudi kutoka kwenye udongo laini pampu zikizimwa. Kisha kila kisima kizibwe kwa mchanganyiko wa saruji na bentonaiti unaoshushwa kwa bomba jembamba hadi chini kabisa, ukipandisha bomba kadiri unavyojaza ili pasibaki mfuko wa maji. Rudi kesho yake: mchanganyiko huwa umeshuka, ongeza. Kata PVC karibu mita 1 chini ya ardhi, fukia, na uhifadhi ramani yenye vipimo vya mahali kila kisima kilipokuwa.